Nyumba ya mawe ya karne ya 18 katikati ya Bordeaux: namna ya kuikagua, kuiombea kibali na kuikarabati

Ukitaka kujua hali ya nyumba ya zamani ya Bordeaux, usianzie sebuleni. Shuka kwanza kwenye stoo ya chini ya ardhi, bandika kiganja ukutani, kisha kigeuze ukitazame. Kikitoka kikavu na safi, panda ngazi uendelee. Kikitoka na unga wa rangi ya mchanga, wenye unyevu, unaonata kama unga wa muhogo uliopigwa na mvua, ujue jiwe limeanza kulika. Hapo weka pembeni mazungumzo ya bei. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi.

Nimekulia Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye nyumba ya mawe, chokaa na boriti za mikoko. Sasa naishi Bordeaux, ghorofa ya pili ya nyumba iliyojengwa enzi za mfalme Louis XV. Naandika kwa ajili ya Mswahili aliye Ufaransa anayefikiria kununua nyumba ya namna hii, au aliyekwisha kununua na sasa haelewi kwa nini hata kubadilisha dirisha kunahitaji barua. Hatua zake zina mpangilio: maji kwanza, karatasi pili, mikono mwisho. Wengi niliowaona wakipata hasara walianza na mikono.

Nyumba hizi zilitoka wapi

Bordeaux ya karne ya 18 ilikuwa bandari iliyofura fedha. Tourny, mwakilishi wa mfalme aliyetawala huko kati ya 1743 na 1757, aliwafungulia watu barabara pana na viwanja, na wafanyabiashara wakajenga kwa mashindano. Grand Théâtre, jumba la maigizo la msanifu Victor Louis, lilifunguliwa 1780. Fedha zilitoka kwenye mvinyo, zikatoka kwenye sukari na kahawa ya Karibi, na zikatoka kwa watu waliouzwa: meli za Bordeaux zilifanya zaidi ya safari 400 za biashara ya watumwa, zikasafirisha zaidi ya watu 100,000. Mwambao wetu haukusalimika na Wafaransa wa karne hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice, mfanyabiashara wa watumwa, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watu 1,000 kila mwaka. Ukipita uwanja wa Place de la Bourse, inua macho juu ya madirisha utazame nyuso zilizochongwa kwenye mawe. Zimo za Waafrika. Mimi huziangalia kila nipitapo. Kuitunza nyumba ya namna hii hakunizuii kusema ilijengwa kwa fedha gani, na ukumbi wa utumwa uliomo kwenye makumbusho ya Musée d'Aquitaine ni mahali pa kumpeleka mtoto wako kabla hujampeleka kutazama balkoni.

Kwa ujenzi, jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba ukuta wa mbele ni jiwe la chokaa lililochongwa, laini, la rangi ya asali. Kuta za nyuma na za kati mara nyingi ni mawe yasiyochongwa yaliyoshikwa na chokaa. Hakuna saruji hata punje. Ukuta mzima hunywa maji na kuyatoa kwa hewa, mwaka baada ya mwaka, na umekuwa ukifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 200.

Hatua ya 1: Jua nyumba imelindwa kwa sheria ipi

Watu husema tu "imelindwa", lakini ulinzi una daraja zake, na kila daraja lina ofisi yake.

Nyumba inaweza kuwa yenyewe ni mnara wa kihistoria, *monument historique*, yaani jengo linalolindwa lenyewe, chini ya sheria ya tarehe 31 Desemba 1913. Hapo kuna daraja mbili: *classé*, iliyo juu kabisa, na *inscrit*, iliyo chini yake. Angalia vizuri kilicholindwa hasa, kwa sababu mara nyingine ni ukuta wa mbele na paa tu, mara nyingine ni ngazi peke yake.

Pili, nyumba isiyo mnara inaweza kuwa karibu na mnara. Tangu 1943 ulinzi huenea mita 500 kuuzunguka, ingawa sehemu nyingine mpaka umechorwa upya kufuata mitaa yenyewe.

Tatu, na hili ndilo linalowakuta wengi wa katikati ya mji: eneo zima limelindwa. Sheria ya Malraux ya 1962 ndiyo iliyoanzisha maeneo hayo, na tangu 2016 yanaitwa *site patrimonial remarquable*. La Bordeaux lilianzishwa 1967, lina hekta zipatazo 150, na mpango wake wa uhifadhi ulipitishwa 1988. Mpango huo huitwa PSMV. Una ramani inayoonyesha jengo moja moja: hili lihifadhiwe, hili linaweza kubadilishwa, kile kibanda cha uani kibomolewe. Ndani ya PSMV hata vitu vya ndani ya nyumba vinahusika: ngazi, mbao za nakshi ukutani, meko ya marumaru, sakafu. Wengi hulijua hilo wakiwa wamekwisha kung'oa.

Orodha ya UNESCO, ambamo Bordeaux iliingia 2007, ni heshima kwa mji mzima. Ombi lako la kibali litapimwa kwa sheria za Ufaransa nilizozitaja.

Kujua daraja la nyumba ni bure. Fungua ramani ya Wizara ya Utamaduni iitwayo Atlas des patrimoines, andika anwani. Kisha peleka manispaa ombi la *certificat d'urbanisme*, cheti kinachoeleza sheria zinazohusu kiwanja hicho. Kile cha taarifa hutolewa ndani ya mwezi mmoja.

Hatua ya 2: Ikague nyumba siku ya mvua

Dalali atakuita Jumamosi ya jua. Mwombe siku nyingine, na ikinyesha usiahirishe. Simama uani utazame mifereji ya paa. Maji yanayomwagika nje ya bomba na kuteremka ukutani ndiyo yanayoozesha nyumba hizi kuliko umri. Utayajua hata siku kavu: mstari mweusi au wa kijani unaoshuka kutoka kona ya paa.

Nenda na vitu vinne: tochi, kisu kidogo, timazi na utepe wa karatasi unaonata wa kuwekea alama.

Kisu ni cha boriti. Boriti za sakafu zimeingia ndani ya ukuta, na huoza pale pale zinapoingia, mahali ambapo jicho halifiki. Omba ruhusa, chomeka ncha ya kisu karibu na ukuta. Mbao nzima hukataa. Iliyooza humeza kisu kama muhogo uliochemka. Wilaya zote za Gironde, mkoa ilimo Bordeaux, zina mchwa, kwa hiyo ukiona vijia vya udongo kwenye stoo, usiambiwe ni vumbi.

Timazi ni ya ngazi na kuta. Katikati ya mji vijito vya Peugue na Devèze vinapita chini ya ardhi, vimefunikwa zamani, na ardhi ya karibu na mto Garonne ni tope. Kuta zimekaa zinavyokaa. Kuegemea peke yake si ugonjwa, nyumba nyingi ziliegemea zamani na zikatulia. La kujua ni kama bado inatembea. Mafundi wa hapa wana njia ya zamani ambayo sijaona iliyo bora: paka kipande cha plasta, upana wa vidole viwili, kikatishe ufa, na uandike tarehe juu yake. Kikipasuka baada ya miezi, nyumba inasogea, na unahitaji mhandisi. Kikikaa salama mwaka mzima, ufa ule ni kovu. Kama muuzaji ana vipande vya aina hiyo kwenye stoo, soma tarehe zake kwa makini kuliko tangazo la nyumba.

Hatua ya 3: Karatasi za muuzaji

Kwa sheria muuzaji hukupa faili la vipimo. Kwa nyumba ya umri huu utakuta kipimo cha rangi yenye madini ya risasi (lazima kwa makazi yaliyojengwa kabla ya 1949), asbestosi, mchwa, umeme, gesi, hatari za mafuriko na daraja la matumizi ya nishati, DPE. Risasi ichukulie kwa uzito ukiwa na watoto: ipo kwenye rangi za zamani za milango na madirisha, na hatari inakuja unapozikwangua zikiwa kavu na vumbi likaruka.

DPE nayo isome kama una nia ya kupangisha. Tangu Januari 2025 nyumba ya daraja G, la mwisho kabisa, hairuhusiwi kuingia mkataba mpya wa upangaji, na F itafuata 2028.

Ukishatia sahihi makubaliano ya awali mbele ya *notaire*, mwanasheria anayesimamia mauzo ya nyumba, una siku 10 za kujitoa bila kutoa sababu. Mwambie aandike humo sharti la mkopo, na kama nyumba haina maana kwako bila kazi fulani, sharti la kupata kibali cha kazi hiyo pia.

Hatua ya 4: Majirani

Nyumba nyingi za namna hii zimegawanywa kuwa za wamiliki wengi. Paa, ukuta wa mbele na ngazi kwa kawaida ni mali ya wote, na sheria ya 1965 ndiyo inayowaongoza. Omba kumbukumbu za mikutano mitatu ya mwisho. Humo utakuta paa limejadiliwa mara ngapi na likaahirishwa mara ngapi. Na dirisha lako, ingawa ni lako, linaonekana nje; kulibadilisha kunahitaji kura ya mkutano kabla ya kibali cha manispaa.

Hatua ya 5: Kaonane na ABF kabla hujachora kitu

ABF ni msanifu majengo wa serikali, *Architecte des Bâtiments de France*, aliye katika ofisi ya mkoa iitwayo UDAP. Ndani ya eneo lililolindwa, manispaa haiwezi kukupa kibali bila yeye kuridhia. Watu humwogopa kama mkaguzi wa ushuru. Uzoefu wangu ni tofauti: ukienda mapema, na ukienda na picha, ni ushauri wa kitaalamu usiolipiwa.

Piga picha za ukuta mzima ukiwa ng'ambo ya barabara, kisha dirisha moja moja, kisha komeo na bawaba zake kwa karibu. Mweleze unataka nini na kwa nini: baridi, kelele, maji. Usimwambie "nataka madirisha mapya". Mwambie "chumba cha mtoto kina baridi", naye atakutajia njia mbili tatu ambazo amekwisha kuziidhinisha mtaa huo huo. Dirisha la plastiki usipoteze muda kulitaja.

Hatua ya 6: Ombi lenyewe

Kazi za nje zisizoongeza ukubwa wa nyumba, kama madirisha, paa au kusafisha ukuta, mara nyingi huombwa kwa *déclaration préalable*. Kazi kubwa zinahitaji *permis de construire*. Nyumba iliyo *classé* ina njia yake, kupitia ofisi ya utamaduni ya jimbo, DRAC. Muulize karani wa manispaa ombi lako ni la aina gani, na akuandikie.

Déclaration ya kawaida huchukua mwezi mmoja. Ndani ya eneo lililolindwa huongezwa mwezi. Saa huanza kuhesabu faili likiwa kamili, na upungufu wa picha moja hukurudisha mwanzo. Ndani ya faili eleza vifaa kwa majina: mbao za mwaloni, chokaa, rangi ipi. "Ukarabati kama ulivyokuwa" haimwambii mtu chochote.

Kibali kikitoka, tundika bango lake mahali panaposomeka kutoka barabarani na ulipige picha siku hiyo hiyo. Miezi miwili ya majirani kupinga huanza na bango hilo. ABF akikataa, unaweza kukata rufaa kwa mkuu wa jimbo. Ukijenga bila kibali, unaweza kutozwa faini na kuamriwa kurudisha kila kitu kilivyokuwa, kwa gharama zako.

Hatua ya 7: Kazi

Anza juu. Vigae vya paa, mifereji, mabomba ya mvua. Hakuna maana ya kupaka lipu ukuta ambao bado unanyeshewa.

Kisha mawe. Hapa nieleze kilichotupata sisi. Kabla hatujanunua, fundi mmoja aliwapakia wenye nyumba saruji kwenye ukuta wa chini, sentimita mbili, laini, nzuri kwa macho. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ukakosa pa kutokea. Ulipanda nyuma ya saruji, ukabeba chumvi, na chumvi ikaganda ndani ya jiwe kila ukuta ulipokauka. Tulipobandua saruji ilitoka vipande vikubwa kama sahani, na mgongoni mwa kila kipande palikuwa na uso wa jiwe, umeng'oka mzima, unene wa kidole. Nililia, sioni haya kusema. Jiwe lile lilidumu tangu enzi za wafalme likaharibiwa na jambo ambalo mwashi yeyote wa Mji Mkongwe angemkataza mwanafunzi wake.

Kwa hiyo chokaa. Omba chokaa ya hewa, inayokamata kwa hewa tu, au chokaa asilia ya *hydraulique*, inayokamata kwa maji, iliyo dhaifu, yenye alama NHL 2 au 3,5 kwenye mfuko. Fundi akikuletea NHL 5 kwa jiwe hili laini, muulize sababu, maana kiungo cha kati ya mawe kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko jiwe, ili kikilika, kilike chenyewe. Kazi hii haitaki baridi: chini ya nyuzi 5 chokaa haikamati. Panga kati ya Aprili na Oktoba. Ukuta ulowanishwe jana yake na tena asubuhi. Lipu ipakwe kwa tabaka, lile la kwanza likirushwa kwa mwiko lishike, na kila tabaka lipewe siku zake. Kukiwa na jua kali, tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta. Marehemu bibi yangu aliniambia lipu ya chokaa hulelewa kama mwali, kivulini na kwa maji, nami nimewaambia mafundi wa hapa wakaelewa mara moja.

Viungo vya zamani vilivyozibwa kwa saruji vichimbwe kwa patasi na nyundo. Mashine ya diski ni ya haraka, lakini hula kingo za mawe pande zote mbili, na kiungo cha milimita tano hugeuka cha kumi na tano. Ukuta uliochongwa kwa ustadi ule huonekana kama umekwaruzwa na mtoto.

Kusafisha weusi wa moshi kufanyike kwa ukungu wa maji au unga laini wa shinikizo dogo. Mchanga unaorushwa kwa nguvu unang'oa ngozi ngumu ambayo jiwe limejitengenezea kwa hewa na mvua, na ngozi hiyo hairudi. Jiwe lililokufa kabisa hukatwa, na kipande kipya cha jiwe la aina ile ile kikachomekwa mahali pake. Hiyo ni kazi ya mchonga mawe. Usimpe mtu wa kupaka rangi.

Sasa madirisha, maana ndiko fedha nyingi hupotea bure. Dirisha la mwaloni la karne ya 18 huoza sehemu moja: ubao wa chini, unaopokea mvua. Seremala mzuri hukata sehemu iliyooza kwa mshazari, akaunga mwaloni mpya, na fremu ikaendelea kuishi. Vioo vya zamani vina mawimbi kidogo. Ukisogeza kichwa, mti wa barabarani hutikisika ndani yake. Visivunjwe. Baridi izuiliwe kwa mpira mwembamba uliofichwa kwenye mfereji wa fremu, na kwa dirisha la pili, jepesi, upande wa ndani. Nyumbani kwetu chumba kinachotazama barabara kimetulia hivyo, tramu hatuisikii, na kutoka nje hakuna aliyegundua. Vibao vya ndani vya kufungia madirisha vifungwe usiku wa baridi. Viliwekwa kwa kazi hiyo.

Kuta zikihitaji kukingwa na baridi, tumia vitu vinavyopitisha unyevu, kama mchanganyiko wa *chanvre*, katani ya huku, na chokaa, au nyuzi za mbao. Povu la plastiki litafanya ilivyofanya saruji.

Hatua ya 8: Fedha

Ukipangisha, sheria ya Malraux inakupunguzia kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama za kazi ikiwa eneo lina PSMV iliyopitishwa, hadi kiwango cha euro 400,000 kwa miaka minne, kwa ahadi ya kupangisha miaka tisa. Unayeishi humo mwenyewe huipati. Nyumba iliyo mnara wa kihistoria ina utaratibu wake, na unadai ubaki nayo miaka 15. Fondation du patrimoine, taasisi ya kuhifadhi urithi, nayo husaidia baadhi ya wamiliki. Maombi yote haya yanatangulia kazi. Ankara iliyolipwa kabla ya barua ya kukubaliwa mara nyingi haihesabiwi.

Dai cheti cha bima ya miaka 10 ya kila fundi kabla hajapanda jukwaani, na usome kama kinataja kazi za mawe na chokaa kwa majina.

Hatua ya 9: Faili la nyumba

Kazi ikiisha, peleka manispaa tamko la kumaliza. Halafu tengeneza faili. Weka humo kibali, mawasiliano na ABF, picha za kabla na baada, jina la machimbo ya jiwe jipya, na kipimo cha chokaa na mchanga kilichotumika kila ukuta. Mimi nimeongeza mifuko midogo ya plastiki yenye mchanga na chokaa kavu ya kila chumba, na kipande kimoja cha kioo cha zamani kilichovunjika mkononi mwa seremala. Nimeviweka kwenye sanduku la bati, juu ya rafu ya stoo, mbali na ukuta. Juu ya mfuniko nimeandika mwaka, na kwenye ufa wa karibu kuna kipande cha plasta chenye tarehe ya Machi. Bado hakijapasuka.